Maharagi ya Domitille Matangani

Joviale alipopeleka maharagi matangani, wifi yake Domitille Uwimbabazi alikuwa mtaa wa Himbi, kwenye ofisi yenye mtandao mzuri, akifuata somo kutoka Ulaya. Shirika moja la huko husaidia watafiti wa mimea wa nchi maskini, na yeye ni mmoja wao. Somo la siku hiyo lilihusu namna ya kujenga ujasiri mbele ya wafadhili.

Shirika halikuwa baya. Lilimsomesha, likampa hadubini, na sasa lilikuwa limekubali kugharimia jaribio la shambani msimu huu. Sharti lilikuwa moja: awe na mbegu. Alikuwa nazo. Maharagi madogo ya rangi ya majivu, yenye mstari mweusi, aliyoyatoa katika shamba la muzee mmoja wa kijiji cha Kalengera. Mizizi ya mashamba jirani ilioza, yake haikuoza. Kisha vita ikapita, muzee akakimbia, shamba likageuka pori. Labo ya Domitille, alimochunguza mimea, nayo ikafungwa, naye akahamishia mbegu nyumbani, ndani ya bidon, dumu la plastiki, kwenye kona ya jikoni.

Katika jedwali la hatari ambalo shirika lilimfundisha kuandika, alikuwa ametaja vita, moto, panya na volkano ya Nyiragongo. Wifi hayumo.

"Bidon iko wapi?" aliuliza alipofika nyumbani.

"Nimepeleka maharagi kwa Mama Mukagasana," Joviale akajibu. "Bwana yake amekufa. Tungepeleka nini, mawe?"

"Yote?"

"Ulitaka watu waseme tulipima? Na yalikuwa mazuri, Domi. Hata jiwe moja halikuwa ndani."

Domitille alifunga kikwembe juu ya sketi na kwenda mbio mpaka kwenye kona ya barabara. Hapo akaanza kutembea, maana matangani mutu haendi mbio.

Mbele ya nyumba wanaume walikaa chini ya bache iliyotandazwa kuzuia jua. Nyuma, sufuria kubwa ilikuwa motoni, maji yakichemka. Maharagi ya kila nyumba ya avenue, mtaa mzima, yalikuwa yamemwagwa pamoja kwenye turubai: mekundu, meupe, ya njano, na katikati yao, yametawanyika kama wakimbizi, ya majivu. Wanawake walichagua mawe kwenye ungo. Ungo ukiwa tayari, Sidonie, msimamizi wa sufuria, aliumwaga majini.

"Karibu, Dokta," Sidonie akasema. "Kumbe unajua kuchagua maharagi? Sisi tulizani munayaangalia tu mu mikroskopi."

Domitille akampa mjane pole kupitia mlango uliokuwa wazi, akaketi, akavuta ungo. Vidole vyake vilikwenda haraka. Mawe aliyatupa kulia. Ya majivu yaliingia katika kikunjo cha kikwembe. Ungo wa jirani yake ukamwagwa sufuriani. Aliona mistari myeusi ikizama. Akaongeza mwendo. Ungo mwingine ukaenda.

"Mama," Sidonie akasema, mwiko ukiwa hewani, "mawe unatupa, maharagi unaficha?"

Mikono yote ikasimama. Kuna mambo ambayo jirani husamehewa katika mji huu, na orodha yake ni ndefu kuliko inavyopaswa. Kuchukua chakula cha matanga hakumo.

Domitille akafungua kikunjo mbele ya wote. Yalikuwa kiasi cha viganja viwili.

"Ni mbegu," akasema. "Wifi yangu hakujua. Yanapona ugonjwa wa mizizi. Mwenye shamba alikimbia, na hakuna mengine. Mukiyapika, yameisha."

Mukagasana alitoka ndani polepole, akiwa na kitambaa kichwani, akayatazama.

"Na batu ya Ulaya banakusaidia juu ya haya?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hawakukupa kufuli?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Kisha wakacheka wote, isipokuwa Domitille na mjane.

"Kitu kilichokuja kulilia bwana yangu hakitoki hapa," Mukagasana akasema. Sidonie alikuwa tayari ameshanyoosha mkono kwenye kikwembe. "Ngoja, Sidonie. Nyuma ya choo kuna udongo. Kama ni ya kupanda, ipandwe humu humu. Nani atasema ilitoka?"

Udongo wenyewe ulikuwa utando mwembamba juu ya mawe ya volkano. Domitille alijua vizuri jaribio linavyotakiwa kuwa. Alitazama sufuria, akasema asante.

Kesho yake, Laurence wa shirika, mwanamke mpole sana, aliuliza kwa video jaribio litafanyika wapi.

"Nyuma ya choo cha Mama Mukagasana."

"Je, mna mkataba naye?"

"Tuna sharti lake."

Laurence akanyamaza, au mtandao ulikatika. Huku kwetu ni vigumu kutofautisha. Wiki hiyo hiyo shirika likakubali.

Maharagi yameota. Ila ugonjwa wa mizizi hauonekani mpaka mmea ung'olewe, na Mukagasana hataki kusikia habari ya kung'oa.

"Unafukuza mutu aliyekuja kunipa pole?"

Kila asubuhi Domitille huketi naye kwanza, huzungumza habari za marehemu, kisha huomba tena. Mpaka ninapoandika, wamefika kwenye mmea mmoja wa kung'oa, na mjane ndiye atakayeuchagua.