Nimeolewa Upya Kwenye Meli ya Pemba

Jamani, naandika haya nimefunikwa kanga kichwani, ndani ya kijumba cha plastiki, magoti yamegusa kidevu.

Tumetoka Tanga asubuhi, tunahamia Pemba kwa mama mkwe. Melini kuna chumba cha watoto kuchezea. Mwanangu Mwanaidi, miaka mitano, kaingia humo na hajanikumbuka tena. Mimi njia nzima nawaza maisha ya ukweni, yeye vigelegele!

Tumefika, watu wanashuka. Nikaenda kumchukua.

Kumbe wanacheza harusi, na bi harusi hawana.

"Mama, kaa hapa!"

Nikajikunja kwenye kijumba chao, nikijua ni dakika moja. Nikafunikwa, na wenzake wawili wakaziba mlango.

"Mwanaidi, twende, bibi yako anatusubiri gatini."

"Bi harusi hasemi. Inamisha macho."

Wallahi, somo yangu aliyenifunda nilipoolewa aliniambia maneno hayo hayo!

Nikamnong'oneza, "Haya, somo. Bi harusi anatoka lini?"

Akaniweka kanga vizuri.

"Akishazoea."

Simu inaita. Mama mkwe huyo.

Nyie mngepokea?