Neno Nililojitwika Matrah

Hakuna jambo duniani la kunishangaza mimi. Nimeanza kwa mgongo wangu, hamali wa magunia ya karafuu Unguja. Chuoni sikuvuka juzuu Amma, na bado nikafika kuwa na duka la milango miwili. Mapinduzi yakalichukua duka. Nikaja Matrah, bandari ya Maskati, nikaanza tena, watu wanacheka Kiarabu changu na mimi nachukua pesa zao. Miaka ile, mzinga wa usiku ukishalia na malango kufungwa, hapana mtu kutembea bila ya fanusi mkononi. Na fanusi huvunjika, huvuja. Matrah nzima nani alizitengeneza? Mimi.

Mke wangu na watoto walibaki Mombasa, wakilala barazani kwa binamu yangu. Baharia mmoja akaniletea salamu za mke wangu: binamu amechoka, meli ijayo ikiondoka bila ya wao, baraza anaitaka. Nauli nnayo. Imo katika bati la biskuti, nimelizika chini ya kitanda, zile qirshi kubwa za fedha zenye sura ya mwanamke.

Ndipo kaka yangu akafa kwa homa. Yeye ndiye aliyenipokea Matrah, kwake ndiko nilikolala mwanzo.

Jeneza likawekwa mbele, watu wakapanga safu. Kwetu Unguja ndugu wa maiti husimama hapo akasema, "Mwenye kumdai, deni liko juu yangu," na safu nzima hujibu, "Tumemsamehe!" Ni heshima, basi. Kuja mtu kudai baadaye ni aibu yake yeye. Nikasimama. Nilitaka wale waliocheka Kiarabu changu wanisikie vizuri, nikapiga kifua: "Alayya! Kullu alayya!" Juu yangu! Lote juu yangu!

Nikangoja ile "tumemsamehe." Akakohoa muuza mbao mmoja, mzee wa watu, akasema kwa upole, "Jazakallah kheir. Mimi namdai, na mashahidi ninao." Tukaswali.

Hamali hunyanyua gunia kidogo kwanza, akajua uzito, ndipo achuchumae. Mimi, hamali mzoefu, nilijitwika bila ya kunyanyua.

Nilimwendea yule mzee dukani. "Ami, ningojee. Nna watoto barazani kwa watu."

"Mwanangu," akasema, "mimi sikukwambia useme. Ungenyamaza, nami ningenyamaza, nikaonana naye kwa Mola. Lakini nilikusikia ukilibeba, na mimi nikamswalia ndugu yako kwa neno lako. Sasa unataka deni lake aliache wapi?"

Nikawazunguka watu wa kwetu, mlango kwa mlango. Kila mmoja alikuwa na bati lake chini ya kitanda na watu wake ng'ambo. Mmoja akanitania, "Si wewe ulosema lote juu yako? Na nauli yangu pia basi!" Nilicheka. Nikabisha mlango uliofuata.

Mwisho nikenda kwa karani wa wakala wa meli, Mgoa mzaliwa wa Unguja kama mimi. Nikamwomba awapakie watu wangu kwa ahadi; nadaiwa, nikamwambia, na imenipasa kuwaleta.

"Siwezi, bwana. Wakala atanifukuza." Akanitilia chai. "Nyumbani sisi twasema Kireno. Nadaiwa duka, *devo*. Imenipasa kwenda, *devo*. Wahispania nao vivyo hivyo, *debo*. Marehemu mama akilitamka, hatukujua kama anakwenda dukani au kanisani."

"Hao wamefanyiwa wepesi," nikamwambia. "Waarabu nao wanakutwika tu, alayya, ukafe nalo. Mimi Mswahili nnayo mawili. Nadaiwa kwa maiti, na imenipasa kwa walio hai. Pesa ni zile zile."

"Na lipi linaweza kungoja?"

"Hakuna."

Akatazama chai yake. Akanijazia kikombe changu tena.

Nilifukua bati, nikalizika, nikalifukua tena. Nilimwona kaka kaburini, hawezi kujilipia. Wangu, nikajidanganya, wana miguu. Nikalibeba bati mpaka kwa muuza mbao, nikamwaga sarafu mbele ya watu ili wazisikie zinavyolia. Hata hapo nilitaka nisifiwe. Wakanisifu. Sikusikia ladha yoyote.

Meli ikaondoka Mombasa bila ya wao. Binamu akaitaka baraza yake kweli. Mke wangu akafua nguo za watu Majengo, akalala jikoni kwa mwanamke asiyemjua, mpaka nikajaza bati upya. Walipoteremka Matrah, mwanangu wa mwisho alinitazama, akajificha nyuma ya buibui la mama yake, kisha kwa adabu, kama mtoto anavyomwamkia mpita njia, akasema, "Shikamoo, bwana."

Basi mimi hanishangazi mtu. Muulizeni yeyote Matrah kama kaka yangu amelala na deni. Nililipa lote, mpaka ya mwisho: qirshi mia tatu na kumi na saba.