Karatasi Kumi za Mamer

Spéciose Niyonkuru alikuwa amemaliza kozi thelathini na saba kati ya thelathini na nane. Iliyobaki ilikuwa ya sanaa.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na sita, Mrundi, mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, na kazi yake ilikuwa kuchunguza damu kwa hadubini katika zahanati moja ya kambi ya Kakuma. Kwa miaka mitano alisoma afya ya jamii katika chuo kikuu chenye tawi Lodwar, masomo mengi kwa simu, machache darasani. Chuo kilifuata mtindo wa elimu pana: usome afya, biashara au kompyuta, sharti upitie pia historia kidogo, falsafa kidogo, na kozi moja ya sanaa ya kufanya mwenyewe, si ya kusoma tu. Nyingine zote Spéciose alizimeza kama vidonge. Ya sanaa aliisukuma mbele mhula baada ya mhula, mpaka hapakuwa na mbele tena.

Mhula huo wa mwisho palikuwa na kozi moja tu ya sanaa, uchoraji, nayo ilifundishwa Lodwar, ana kwa ana. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Karani wa masomo alimpigia simu kumshauri.

"Madam, ahirisha. Mwaka ujao kutakuwa na kozi ya muziki kwa mtandao. Hutahitaji kibali wala nauli."

"Mwaka ujao nitakuwa nimemaliza," Spéciose akajibu.

"Unajua kuchora?"

"Hapana. Shuleni nilichora kuku, mwalimu akaniuliza kama ni birika."

Karani alicheka, lakini akamwandikisha.

Kibali cha wiki ya kwanza kilipatikana bila shida. Darasani Lodwar alikuta vijana kumi na wanane, wengi wa umri wa kuwa wadogo zake wa mwisho, na mwalimu mrefu mwenye rangi iliyokauka kwenye kucha. Jina lake Lochakapong, mzaliwa wa Lokiriama. Kabla ya kusoma chuo alikuwa akichora mabango ya maduka na kuta za shule kuanzia Lodwar hadi mpakani. Aliingia, akasema "Ejok," salamu ya kwao, akaandika ubaoni neno moja: *Uso*.

"Kila mmoja achague uso mmoja," alisema. "Uchore mara kumi, nyumbani kwako, kwa penseli, kwa muda wa wiki sita. Usitupe hata karatasi moja, hata ile inayokutia aibu. Sisahihishi kipaji. Nasahihisha macho. Nataka kuona ulivyoangalia."

Spéciose alirudi Kakuma na penseli tatu, raba, na daftari la karatasi nene. Uso aliokwisha kuuchagua ni wa Achol.

Achol, Mdinka kutoka Bor, alikaanga mandazi nje ya lango la zahanati. Wawili hao walikuwa wamezoeana miaka sita, tangu siku Spéciose alipokuta malaria kwenye damu ya binti yake Achol, Akuch, kabla homa haijampanda kichwani. Tangu hapo wakaitana kwa majina ya binti zao, Mama Inès na Mama Akuch, kila asubuhi, chai moja na mandazi mawili.

Spéciose alipomweleza jambo lake, Achol alimsikiliza huku akigeuza mandazi.

"Mimi niko hapa," alisema hatimaye. "Ukitaka kuona mimi, unakuja, unaona. Chora Mamer."

Spéciose alilijua jina hilo. Mamer alikuwa kifungua mimba wa Achol. Alikufa kwa surua mwaka 2014, njiani, siku mbili kabla ya mama yake kufika mpakani Nadapal. Alikuwa na miaka minane. Akuch alizaliwa Kakuma mwaka uliofuata na hakuwahi kumwona kaka yake, kwa kuwa hapakuwa na picha hata moja.

"Mama Akuch, mimi sijawahi kumwona."

"Mimi naona. Mimi nasema, wewe unachora."

Spéciose angeweza kukataa. Alitafakari ugumu wa kazi, alama, na wiki sita zenyewe. Kisha akafungua daftari pale pale kwenye benchi la mandazi na kusema, "Haya, niambie."

Karatasi ya kwanza ilikuwa viazi viwili na macho. Ya pili na ya tatu zilikuwa afadhali. Ya nne aliishughulikia Jumapili nzima, akaipenda: mtoto mwenye mashavu, macho ya duara, tabasamu. Inès, binti yake, alisema ni nzuri. Jumatatu alimpelekea Achol.

Achol alifuta mafuta mikononi, akaishika kwa ncha za vidole, akairudisha.

"Hii si Mamer. Hii mtoto ya karatasi ya chanjo."

Spéciose aliingia maabara akiwa ameudhika. Ukutani, juu ya hadubini, kulikuwa na bango la chanjo lenye mtoto mwenye mashavu, macho ya duara na tabasamu. Alikuwa amelitazama bango hilo kila siku ya kazi kwa miaka sita, na mkono wake ulikuwa umemchora mtoto yule yule. Alikaa juu ya kigoda chake akiliangalia mpaka muuguzi akaja kuuliza majibu ya mgonjwa.

Mchana alirudi kwenye benchi na utaratibu mwingine. Maabara huwezi kuuliza "Huyu mtu anaumwa nini?" ukapata jibu. Unauliza jambo moja, unalimaliza, unaenda la pili.

"Leo ni sikio tu," alimwambia Achol. "Sikio la Mamer lilifanana na la nani?"

Achol hakufikiri sana. "Ya Bior."

Bior alikuwa kijana aliyeuza makaa ng'ambo ya barabara. Aliitwa, akakalishwa, akachorwa sikio la kushoto kwa nusu saa bila kuelewa kosa lake, akapewa mandazi matatu. Chini ya karatasi ya tano Spéciose aliandika: *sikio, Bior, limesimama mbali na kichwa*. Paji la uso likatoka kwa Akuch, ambaye alikaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Shingo ikatoka kwa mpwa wa Achol aliyekaa Kakuma Tatu, sehemu nyingine ya kambi. Spéciose alikwenda huko kwa miguu baada ya zamu, jua likiwa bado linachoma, akaichora, akarudi. Ya sita na ya saba zikajaa vipande vya watu, kila kipande na jina la mwenyewe.

Kisha akafika kwenye mdomo.

"Mdomo wa nani?"

Achol aliacha kugeuza mandazi. Akaangalia watu barabarani, mmoja mmoja. Akamwangalia Akuch. Mandazi yakaungua kwenye karai na hakuyatoa.

"Mdomo sijui," alisema. "Mdomo imepotea."

Kesho yake benchi lilikuwa tupu. Siku iliyofuata vile vile. Spéciose alijilaumu. Alikuwa amemfanya mama wa watu agundue kwamba mtoto wake alikuwa akiondoka hata kwenye kumbukumbu. Angeweza kuuacha uso ule, akachora sura ya Inès mara kumi, akapata alama zake. Muda ulitosha. Lakini aliona kwamba akiacha pale, Achol atabaki na tundu ambalo yeye ndiye aliyelichimba. Siku ya tatu, baada ya kazi, alikwenda nyumbani kwake.

Achol alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Alimpisha mgeni kwenye mkeka. Walichambua pamoja mpaka sinia likaisha.

"Mama Akuch," Spéciose alisema, "sitakuuliza mdomo. Niambie tu alikuwa anakula vipi."

"Kula?"

"Eeh. Ukimpa chakula."

Achol alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Na kelele. Pua yake imeziba siku zote. Anakula, anapumua, anakula, anapumua. Mdomo haifungi." Akakoma katikati ya maneno. "Mdomo haifungi, Mama Inès. Hata akilala. Na hapa," akagusa jino lake la mbele, "imevunjika kidogo. Alikimbiza ndama, akaanguka."

Spéciose alishaanza kuchora.

Karatasi ya nane, ya tisa, ya kumi. Alipompelekea ya kumi, Achol alinawa mikono kwanza. Akaiweka juu ya magoti, akakaa nayo muda mrefu. Wateja wawili walikuja, wakaona, wakaondoka wenyewe.

"Nywele ilikuwa na vumbi," alisema.

"Naweza kuongeza."

"Ongeza."

Spéciose akatoa penseli, akaongeza vumbi. Achol akamwita Akuch aje amsalimie kaka yake.

Tathmini ilipangwa Ijumaa, na Spéciose alipata kibali cha Alhamisi na Ijumaa. Jumatano jioni ujumbe ukaja kutoka chuoni: tathmini imesogezwa hadi Jumatatu. Kuomba kibali kipya kungechukua zaidi ya siku zilizokuwepo. Alisoma ujumbe mara mbili, akapanga karatasi zake kati ya vipande viwili vya boksi, na Alhamisi asubuhi akaondoka Kakuma kama alivyokuwa amepanga.

Mwalimu Lochakapong alimkuta amekaa mlangoni pa ofisi yake.

"Mama, si tulisema Jumatatu?"

"Mlisema, mwalimu. Jumatatu mimi siruhusiwi kuwa hapa. Leo na kesho naruhusiwa."

Lochakapong alisoma kibali, akakikunja vizuri, akamrudishia. "Peke yangu siwezi. Lazima mtahini wa pili awepo."

"Nitamngoja."

Alingoja Alhamisi yote, akalala kwa mwanafunzi mwenzake karibu na mto Turkwel, na Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa pale pale mlangoni. Mtahini wa pili alikuwa Dokta Aukot, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa kanuni. Alipata nafasi saa nane mchana. Walizitandaza karatasi kumi juu ya meza mbili, naye akapita kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akarudi kinyume.

"Kazi ni ya kweli," alisema. "Lakini kozi inadai kuchora kwa kuangalia. Huyu mtoto hukumwangalia. Kanuni ni kanuni."

Spéciose akaweka kidole kwenye karatasi ya tano.

"Dokta, hili sikio nimeliangalia nusu saa. Hili paji, siku mbili. Shingo nimeitembelea. Kila kitu hapa nimekiangalia kwa mtu aliye hai, na majina nimeyaandika. Maabara sijawahi kumwona mgonjwa mzima kwenye kioo. Naona tone lake moja, kisha jingine, na majibu yangu yanakubaliwa."

"Na mdomo?"

"Mdomo nilimwangalia mama yake akiukumbuka."

Dokta Aukot alirudi kwenye karatasi ya kumi, akaitazama tena.

"Nitafanya hivi," alisema Dokta Aukot. "Kaa hapo. Chora uso wangu. Una saa moja."

Alichora. Jasho lilimdondokea kwenye karatasi mara mbili, na pua ya Dokta ilitoka kubwa kuliko haki yake. Ila macho yalikuwa yake, yakiwa yamechoka kidogo, moja likikaa juu kuliko jingine, jambo ambalo watu wa adabu hawalitaji. Dokta Aukot aliitazama, akajigusa jicho la kushoto, akatia sahihi kwenye fomu.

Alama zilikuwa hamsini na nane. Kufaulu kulianzia hamsini. Spéciose aliomba karatasi ya kumi asiiache chuoni. Walimruhusu, wakabaki na nakala. Jumamosi Achol alimpa kipande cha kitenge chenye maua ya bluu, akaichukua picha na kuibandika ndani ya nyumba yake, ukutani mbali na moshi.

Mahafali yalikuwa Novemba. Kibali kilipatikana, Inès naye akapata, na jina la Spéciose Niyonkuru likasomwa mbele ya hema kubwa, likitamkwa vibaya kidogo. Jumatatu alikuwa kazini.

Wiki hiyo mzee mmoja wa Kinuer, Kon, alikuja dirishani pa maabara bila cheti cha mgonjwa. Alisema amesikia habari za ile picha. Alikuwa na mke, Nyakuoth, aliyefariki Malakal.

"Mzee wangu, mimi si mchoraji," Spéciose alimwambia. "Nilifanya kozi moja, nikapata hamsini na nane."

Mzee aliendelea kusimama. Nyuma yake foleni ya wagonjwa ilikuwa ikirefuka.

"Mkeo ana ndugu yeyote hapa? Dada, mpwa?"

"Dada yuko. Kakuma Nne."

"Uje naye Jumapili baada ya ibada," alisema Spéciose. "Tutaanza na masikio."

Akaita mgonjwa aliyefuata.