Bunduki Ndani ya Lubunga

Siku ile ya Swima, kijiji chetu cha wavuvi, naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa mpaka leo. Ilikuwa wakati wa vita. Kamanda mmoja alifika na askari wake, wazee wakamkaribisha lubunga, kile kibanda cha wanaume ambamo kesi za kijiji zilisikilizwa. Kwa desturi yetu silaha hubaki nje, na mshtakiwa husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Yule aliingia na bunduki, na bado akapewa kiti cha mkubwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kiti, akakifanya chake.

Haukupita muda akamtupa kaka yangu Asukulu kasho, shimo walilochimba nyuma ya soko. Kosa lake hatukuambiwa. Jioni mimi na mama tukapeleka bugali lubunga, wanaume walikokula pamoja, kama kawaida. Mama akasimama mlangoni, bakuli kichwani.

"Mutoto yangu alifanya nini? Nani alimushitaki?"

"Mama, hapa mi njo sheria," kamanda akajibu bila kumtazama.

Wazee wetu, na ndevu zao zote, wakatazama miguu yao. Mama akawageukia wao.

"Basi mukule sheria yake. Fasi bunduki inaikala, mi siweki bugali."

Akarudi na chakula chake, hakukiweka mahali penye bunduki. Wanawake wengine wakamfuata na vyao. Njaa na aibu viliwainua wazee mmoja mmoja, kamanda akabaki na kiti katika kibanda kitupu. Asubuhi wakaenda wote shimoni kumdai Asukulu. Mbele ya wazee wote askari wakamwachia. Alitoka hai, lakini mkono ulikuwa umevunjwa. Hakuvuta wavu tena.

Vita vilipotulia, tukaletewa Katiba tuipigie kura. Nikasomewa: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na asikawie kufikishwa mbele ya hakimu. Nililia kwa hasira. Mama alikwisha kuyauliza hayo mlangoni.

Na leo? Vijana bado wanafungwa bila kujua kosa, na wakubwa wakitutembelea tunawachinjia kuku. Hilo ndilo linalonichoma.

Sikia basi, mwanangu. Katiba ni karatasi tu kama hakuna anayesimama mlangoni kuuliza. Jirani akikamatwa, uliza kosa lake siku hiyo hiyo, usingoje afungwe wa kwako. Na anayekujibu kwamba sheria ni yeye, usimpikie. Mungu akulinde, akujalie wavu usiokatika. Na siku utakapopewa kiti kile, bunduki iache nje.