Korongo Mweusi wa Khorini

Nilikuwa na darubini yangu mwenyewe. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu wengi waliokuja kuhesabu ndege kwenye kituo kile cha pwani, nje kidogo ya mji wa Sib, huku kwa Waarabu, walitumia za kituo. Yangu niliinunua kwa mshahara wa mtu aliyefika kutoka Unguja bila ya jamaa wa kumshika mkono, akaanza kwa kupanga vipuri karakana moja ya mtaa wa Ghala, akasoma mpaka akapata diploma ya upimaji ardhi, na akajenga nyumba Mawaleh.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Kila siku ya msimu wa baridi, tangu ndege wa kaskazini wateremke mpaka warudi kwao, ilibidi watu wawili watatu wawepo khorini jua likichomoza, pale bahari inapoingia ndani ya mchanga, wahesabu kila chenye mbawa. Kazi ile inataka jicho, na jicho ninalo. Kundi la shakwe likiruka, wenzangu walihesabu mmoja mmoja mpaka likawapotea. Mimi nililikata mafungu kama mtu anayekata halua, na sikuwahi kuambiwa nirudie.

Halafu akaja yeye. Kijana wa watu wa Unguja kama mimi, ila kazaliwa hapa hapa, baba yake mtu mkubwa wizarani, digrii kaifuata Uingereza. Kiarabu chake hakina doa. Changu, nikifika neno la tatu, muuza duka wa Ruwi huniuliza, "Zinjibari?" Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha kumwombea bibi yake chai. Lakini mkuu wa kituo, mama wa Kizungu aliyezungumza Kiarabu, alimpenda tangu wiki ya kwanza. Akampa redio ya mkononi. Redio ile kabla yake nilikuwa nayo mimi.

Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Kila ilipolia kiunoni mwake, nilihisi kama mtu anaitwa kwa jina langu na mwengine anaitika.

Asubuhi moja tulipangwa pamoja. Yeye kainamia darubini anahesabu shakwe, mimi natazama upande wa mikoko. Ndipo nilipomwona.

"Korongo mweusi!" nikapiga kelele. "Korongo mweusi yule, juu ya mikoko!"

Akageuka, akatazama, akaivuta redio, akalitaja jina la ndege kwa Kiingereza. Ndege akazunguka juu yetu, tumbo jeupe, mdomo mwekundu, shingo kainyoosha mbele, kisha akashika njia ya milimani. Katika daftari la khori ile alikuwa hajapata kuandikwa.

Baada ya kuhesabu tulikuwa tukikusanyika kwa chai. Mkuu anaita ndege jina baada ya jina, na kila mtu anajibu idadi yake. Alipofika kwa korongo mweusi hakuniita mimi. Alimgeukia yeye. "Mabruk," akampongeza.

"Nimemwona mimi mwanzo," nikasema. "Mwulize."

"Ami, kelele kweli umepiga," akajibu yule kijana. "Umesema korongo. Korongo ndiyo nini? Kwa bibi yangu kila mwenye miguu mirefu ni korongo. Hata mke wa jirani yetu ni korongo."

Akamfasiria mkuu kwa Kiarabu. Mama wa watu akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Nilisema mweusi!"

"Weusi tunao kila siku, Ami. Wale wanaovua samaki pale majini, rangi gani?"

"Wale ni yangeyange, we mtoto!"

"Yangeyange mweusi? Umemsikia wapi?"

Hapo alinishika. Kwetu mtu akivaa kanzu mpya huambiwa amekuwa yangeyange, kwa weupe. Nikatafuta jina jengine la wale weusi, nisilipate. Mkuu akaamua tuandikwe sote, jina la kijana juu kwa sababu ndiye aliyemtambulisha ndege.

"Basi langu futa," nikasema. Akalifuta.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza nikimsimulia huku nakula. "Ndege karuka zake," akasema, "nyie mmebaki mnagombania kivuli. Mpelekee mtoto wa watu salamu, yaishe."

Hayakwisha. Kabla baridi haijamalizika, wakaguzi wa ndege adimu waliirudisha taarifa. Ndege adimu ni kama ndoa, anataka mashahidi, na aliyeandikwa alikuwa mmoja. Kijana akaja mwenyewe Mawaleh. Nikampa tende na kahawa.

"Ami, nna shida. Wanataka mtu wa pili aliyemwona."

"Aliyemwona nani?"

"Yule ndege wetu."

"Wetu?"

"Saini tu, Ami. Bila ya saini yako watamtupa."

"Jina langu juu, lako chini, nitatia hata sasa hivi."

"Mimi ndiye niliyemtambulisha."

"Kwa macho ya nani?"

Akanywa kahawa yake yote, akakitikisa kikombe kuonyesha imemtosha, akaaga kwa adabu. Sikumzuia.

Ripoti ya msimu ule haina korongo mweusi. Wageni wakiniuliza kama ndege yule huja khorini, nawaambia huja. Nani kamwona? Mimi.