Saa Iliyoingia Chumbani kwa Mzee Okemwa

Mzee Okemwa wa Tabaka hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe Ronny tangu Ronny aoe. Ndiyo chinsoni, ile heshima ya Wakisii: baba mkwe na mke wa mwana hawachunguliani. Akimhitaji Valentine, mke wa Ronny, husimama kwenye migomba akakohoa.

Sasa Ronny, ambaye yuko kazini Mombasa, akamletea baba yake saa ya mkononi ya kupima moyo, yenye laini yake ndani. Simu ya mzee ni mulika mwizi, isiyo na intaneti, kwa hiyo Ronny akaiunganisha saa na simu ya mkewe. Na ilisaidia, tusidanganyane. Siku mzee alipoanguka kwenye machimbo ya mawe, Valentine ndiye aliyesikia simu ikilia, akatuma bodaboda. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangechimba kaburi.

Halafu asubuhi moja Valentine akaleta maziwa, macho chini.

"Tata, usiku moyo ulienda mbio sana, kisha ukatulia. Mko salama?"

Mke wa mzee, Nyanchoka, akajifunika uso kwa leso hadi Valentine alipoondoka.

"Anatuona!" mzee akanong'ona. "Mimi sijui hata pazia lake ni rangi gani, yeye anajua nikigeuka kitandani."

"Si uivue?"

"Na nikifa?"

"Basi ivae."

"Na aibu?"

"Wewe mwanaume, chagua: kaburi ama aibu."

Mzee akampigia Ronny. "Baba, saa inasumbua?" Ronny akauliza. Mzee akatafuta neno ambalo baba anaweza kumwambia mwanawe kuhusu jambo kama hilo. Halikuwepo. "Iko sawa," akasema.

Jioni hiyo akaivua, akaitundika msumarini jikoni, akalala kama mfalme.

Kulipopambazuka mlango ukabamizwa. Valentine alikuwa ameamka, akatazama simu, akakuta hakuna mapigo hata moja. Alipita sebuleni mbio, miguu mitupu, hadi chumbani penyewe. Akamkuta mzee amejivutia blanketi kifuani. Akageukia ukuta akilia.

"Tata, nilidhani umekufa!"

Mzee alinyoosha mkono tu, Nyanchoka akaenda kuileta saa.

Siku hizi mzee hulala chali, mikono juu ya blanketi, akipumua polepole kama mtu anayepigwa picha. Nyanchoka akimgusa bega, hushtuka.

"Wacha," humwambia. "Simu itaona."