Irembo Alilolikataa Mukankusi

Mukankusi wa Batsinda anashona mishanana, yale mavazi ya kujitanda ambayo binti huvaa siku ya kuposwa, na sifa zake zinafika hadi Kimihurura kwa wenye nacho. Mabinti wa watu wamepita kwenye cherehani yake wakaenda zao kuolewa. Wake mwenyewe, Kaliza, yupo nyumbani, na aliyemfungia mlango ni huyo huyo mama yake. Msinitazame hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Mchungaji Cyriaque, wa kikanisa cha mabati pale bondeni, alitangaza mwezi wa pili kwamba Bwana anarudi Pentekoste ya mwaka huo huo, kwa mwili, kila jicho litamwona. "Msioe wala msioze," alisema. "Nani anatandika kitanda kituoni na gari linakuja?" Maneno hayo yalimwingia Mukankusi hadi kwenye mifupa.

Mwezi wa tatu wazee wa kijana Gatera, fundi umeme, wakaja na pombe yao ya ndizi kuomba irembo, yaani ruhusa ya kuja kuposa. Kinywaji kikipokewa, neno limepokewa. Mukankusi hakukipokea. Kaliza alilia jikoni, mama akamfuata huko. "Nyamaza, mwanangu. Harusi unayoiendea ni kubwa kuliko hii." Wazee wale walirudi na pombe yao barabarani majirani wakiwatazama, na aibu ile hawakuisamehe. Mvua hazijaisha, Gatera akawa ameposa kwingine.

Pentekoste ikafika. Waumini walishinda kanisani na mavazi meupe, wakaimba hadi sauti zikakauka, kisha jioni wakarudi makwao.

Jumapili iliyofuata mchungaji akapanda madhabahuni, uso mkavu kabisa. Bwana amekuja, alisema, ila kwa roho. Asiyemwona ajiulize macho yake yana nini. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba alisema kwa mwili. Basi, akajibu, kama kwa mwili hakuja, wamemzuia wenye shaka waliomo humu ndani. Hebu fikirini, jamani. Amekuja, hakuja, na yote mawili yanamtoa yeye msemakweli! Mukankusi aliitikia amina, maana alitaka mno iwe kweli.

Kisha Uwineza, mke wa mchungaji, akamletea kitambaa cha hariri. Binti yao Annick anaposwa mwisho wa mwezi.

"Irembo mlitoa lini?" Mukankusi aliuliza, akipima kitambaa.

"Mwezi wa tatu," Uwineza akajibu bila wasiwasi wowote.

Mukankusi aliacha kupima. Alishuka bondeni, akamkuta mchungaji kanisani akipanga viti.

"Mchungaji, ulituambia tusioze. Mbona wewe ulipokea?"

"Mama Kaliza, hata Musa alinung'unikiwa. Manabii wa kweli wote wamenung'unikiwa. Sasa ukininung'unikia mimi, unanithibitisha."

"Sikuuliza habari za Musa. Nimeuliza irembo la Annick."

"Na pale bustani ya Edeni, aliyeanza kuuliza maswali alikuwa nani?" alisema kwa upole, akaendelea na viti vyake.

Mukankusi alirudi nyumbani moyo unamchoma. Miaka yote ile alimwita mtu yule baba wa kiroho, kumbe alikuwa akimchezea! Kaliza alikuwa anapiga pasi gauni la kwaya. Mama akamweleza yote, akitumaini kwamba angalau watalia pamoja.

"Ametudanganya, mwanangu. Pale hatukanyagi tena."

Kaliza hakuinua macho. "Unaona, mama? Wewe ndiye mwenye shaka. Watu kama wewe ndio waliomzuia."

"Kaliza, unasema nini? Nilikunyima mume kwa ajili ya imani ile."

"Ndiyo. Sasa unataka iwe ya uongo. Ikiwa ya uongo, mimi nilimpoteza Gatera kwa ajili ya nini?"

Mukankusi alikaa kwenye kiti cha cherehani.

Kaliza alitundika gauni, kisha akauliza kama mshanana wa Annick uko tayari, kwa sababu yeye ndiye aliyechaguliwa kumsindikiza.